Homa Kifuani, Donge Mguuni

Wauguzi wenzangu mliobaki wodini, nilistaafu majuma sita yaliyopita, na tayari nimegundua kwamba nyumbani hakuna mtu wa kuamrisha. Mume wangu amekataa kupimwa presha mara mbili kwa siku. Kwa hivyo nawaandikia nyinyi. Vyeo tuviache, vilikuja vimechelewa na mnavijua. Nitawaeleza habari za miguu. Nimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika wodi ya vifua huku Eastlands, na kitu kilichonisumbua kuliko vyote hakikuwa kifua.

Siku yangu ya kwanza nilifika nikitoka Ukambani, sare imepigwa pasi hadi inataka kusimama yenyewe. Nilidhani nitapewa mgonjwa. Nikapewa kitambaa. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuhakikisha magurudumu ya vitanda vyote yanatazama upande mmoja, na midomo ya foronya inatazama mbali na mlango. Matroni alipita ameinama akikagua magurudumu, na sikumwona akimtazama mtu hata mmoja aliyelala kitandani. Wagonjwa walilazwa chali, wamenyooka, shuka zimebanwa kila upande kama bahasha. Aliyethubutu kuamka kwenda kuota jua alirudishwa kama mtoro wa shule, maana alikuwa ameharibu kitanda.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mzaliwa wa Majengo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Cheo chake hakikuwa kikubwa, lakini madaktari wapya walimwogopa kuliko mtihani. Alikuwa na mazoea yaliyomkera sana matroni. Kila asubuhi, kabla hajamuuliza mgonjwa ameamkaje, alifunua shuka upande wa miguuni, akatazama, akagusa, akafunika tena. Nilimuuliza kwa nini.

"Kifua kila mtu anakitazama, mwanangu," alisema. "Mimi natazama pale ambapo hapana mtu."

Nilifikiri ni vituko vya uzee. Kisha akaja Nzioka.

Nzioka alikuwa dereva wa lori, mkazi wa Kayole, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kujaza ua. Aliletwa na homa ya mafua iliyoshuka kifuani. Siku tatu za kwanza alikuwa hoi. Siku ya sita joto limeshuka, anakula, anachekesha wodi nzima. Daktari alimwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani na mkewe akaleta nguo. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo hakuna aliyeliona kuwa tatizo: tangu jana yake alisema mguu wa kushoto unamvuta. Ndugu yake alikuja na chupa ya dawa ya kuchua, akamkanda shavu la mguu kwa nguvu zake zote hadi wodi nzima ikanuka. Mimi nilimsifu yule ndugu kwa upendo wake.

Asubuhi ile Nzioka alivaa kiatu cha kulia. Cha kushoto kikakataa kuingia.

"Sista Kalondu," aliniita, "chakula chenu ni kizuri. Mguu umenenepa kunishinda."

Sote tulicheka. Akasimama na kiatu kimoja, akaanza kwenda msalani. Hakufika mlangoni. Alishika kifua, akasema "hewa," akaanguka. Tulimfanyia kila tulichojua kumfanyia. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, shati la mumewe limekunjwa mkononi.

Kwenye faili iliandikwa nimonia. Bi Zuhura alinishika mkono, akaniingiza chumba cha shuka, akafunga mlango.

"Kalondu, ni nini kimemuua?"

"Nimonia."

"Nimonia ilishaondoka. Jana alikula chapati mbili na akaomba ya tatu. Kile kiatu umekiona?"

Nilikuwa nimekiona, na nilikuwa nimekicheka.

"Sikiliza. Mwili ukipigana na homa kali, damu inabadilika. Inakuwa rahisi kuganda. Sasa mtu huyo mwenye damu hiyo unamlaza chali, unambana shuka, hanywi maji ya kutosha, hasogei siku sita. Damu inasimama kwenye mishipa ya mguu, inashikana, inakuwa donge. Mguu mmoja unavimba. Siku anaposimama, donge linaweza kukatika, likapanda, likapita moyoni, likaenda kuziba mapafu. Ni nani alimkanda?"

"Ndugu yake. Na mimi nilimwambia anafanya vizuri."

Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia. Alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. "Basi sasa unajua," alisema. Mpaka leo sijui kama ningependelea makaripio.

Juma lile nilienda Gikomba nikanunua tepu ya fundi cherehani, ile ya njano. Nikaanza kupima mashavu ya miguu ya kila mgonjwa wa homa kali, miguu yote miwili, upana wa kiganja chini ya goti, kila asubuhi. Mguu mmoja ukiuzidi mwingine kwa sentimita tatu au zaidi, namwita daktari. Hakuna aliyenituma. Wagonjwa walifurahi sana.

"Sista, niaje, unanishonea suruali?" walinitania vijana.

"Nakushonea. Inua mguu."

"Iwe ya kubana, basi."

Walinibandika jina la Fundi. Mgonjwa mmoja alisubiri suruali yake kwa dhati hadi siku ya kutoka, akaondoka amenuna.

Madaktari hawakuchangamka hivyo. "Sista, hii ni wodi ya kifua," aliniambia mmoja, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. Mwingine alikubali mguu umevimba, akaandika kwamba mgonjwa amelalia vibaya. Na hata daktari alipokubali, sindano za kuzuia damu isigande zilikuwa kabatini chini ya kufuli, zimehifadhiwa kwa ajili ya dharura. Mwenye ufunguo alikuwa kazini kuanzia saa mbili hadi saa kumi, na dharura hazikuwa zimejulishwa ratiba hiyo.

Niliwaokoa wengine. Wengine walinipita. Kulikuwa na miguu iliyovimba bila donge lolote, na mara moja nilimtia mwalimu wa Jericho hofu kubwa kumbe ameumwa na nyuki. Kulikuwa pia na madonge yaliyojificha katika miguu iliyoonekana mizuri kabisa, kwa hivyo msidhani tepu ni mashine. Nilijifunza kuuliza na mengine. Je, pumzi imekatika ghafla, wakati homa inapungua? Je, kifua kinachoma akivuta hewa? Je, moyo unakimbia bila sababu? Je, aliwahi kupata donge, au kwao kuna aliyepata? Ni maswali ya dakika moja. Ile dakika moja nitaizungumzia baadaye, kwa aibu.

Miaka ikapita. Bi Zuhura akastaafu akarudi kukaa na wajukuu zake Majengo. Kisha korona ikaja. Sitawasimulia mengi, mlikuwepo. Nitasema tu kwamba katikati ya taabu ile, wakubwa walianza kuzungumza juu ya damu inayoganda kwa wagonjwa wa virusi vya kifua, wakizungumza kama watu waliogundua mto. Ilisemwa kwamba si korona peke yake. Hata homa kali za kawaida zinaweza. Nilimpigia simu Bi Zuhura.

"Bibi, wameigundua miguu."

"Ya nani?"

"Ya watu."

"Alhamdulillahi," alisema. "Na kabati?"

"Kabati bado lina kufuli."

Ugunduzi ule ulihitaji semina. Tulipelekwa hoteli moja ya kifahari nje ya jiji, tukakaa siku nne kwenye viti vya mito tukifundishwa madhara ya kukaa. Tulikaa kuanzia asubuhi hadi jioni, tukiletewa chai mezani ili tusipoteze muda kuamka. Siku ya tatu nilisimama nyuma ya ukumbi kunyoosha magoti, mwezeshaji akaniomba niketi kwa sababu namkatiza. Nilirudi nyumbani nimevimba vifundo vyote viwili, jambo ambalo kitaalamu ni afadhali kuliko kimoja.

Matunda ya semina yalikuwa Kamati ya Mwendo wa Wagonjwa, fomu ya kurasa tatu, na bango kubwa lililosema MGONJWA, TEMBEA. Bango lilitundikwa mwisho wa ujia karibu na ngazi, mahali ambapo lingesomwa tu na mgonjwa aliyekwisha kutembea.

Basi ikatangazwa kwamba wageni wakubwa watakuja kulizindua. Msimamizi wa hospitali aliyekuwepo wakati ule, mtu nadhifu sana ambaye sitamtaja jina, alituita.

"Wageni wanataka kuona wodi iliyotulia," alisema. "Kuanzia leo, hakuna mgonjwa kuzurura. Kila mtu kitandani, shuka safi."

"Bwana Msimamizi," nilisema, "wanakuja kuzindua kutembea."

"Ndiyo. Baada ya uzinduzi watatembea."

Wageni hawakuja siku ile, wala iliyofuata. Amri ikabaki. Nilizunguka nikiwafundisha wagonjwa kutembea wakiwa wamelala: kunja nyayo, kunjua, kunja, kunjua, kunywa maji, tena. Shuka zikawa zinacheza chini kama zina panya. Msimamizi akauliza kulikoni. Nikamwambia wanasali.

Kitanda cha dirishani alikuwa Mama Halima, mfanyabiashara wa nguo za jumla ambaye familia yake ilihamia Nairobi kutoka ng'ambo ya mpaka wakati yeye akiwa mtoto. Alikuwa ameletwa na homa ya mafua baada ya kulala nyumbani siku tano. Alikuwa mdhaifu mno kukunja hata hizo nyayo. Nilikuwa nimemwombea sindano ya kuzuia damu isigande siku aliyolazwa. Fomu ilikuwa bado kwa Kamati ya Mwendo, haijasogea.

Wageni walifika siku ya tatu. Walipanga mstari katikati ya wodi, mgeni mkuu akiwa mama mzee mwenye fimbo na sauti ndogo. Hotuba ikaanza. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama Halima nikamsikia akihema. Nilimtazama: midomo imebadilika rangi, jasho usoni. Nikamshika mkono, mapigo yanakimbia.

"Mama, kuna nini?"

"Dada, pumzi. Imekatika sasa hivi tu." Alishika ubavu. "Hapa panachoma."

"Sista," Msimamizi alininong'oneza akiwa ameuma meno, "mwambie asikohoe mbele ya wageni."

Nilifunua shuka. Sikuhitaji tepu, lakini niliitoa, kwa sababu watu wa ofisi huamini namba. Mguu wa kulia ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa sentimita nne na nusu. Nilimwinua kichwa, nikamvalisha oksijeni, nikaita kwa sauti ambayo hata marehemu Nzioka angeisikia huko aliko. Daktari Wafula, kijana aliyekuwa na sisi mwaka mmoja tu, alitoka kwenye mstari wa wageni akaja mbio. Alimsikiliza mapafu, akaniangalia.

"Sindano ya heparini. Sasa hivi. Picha tutapiga baadaye."

Mwenye ufunguo alikuwa kwenye mstari, ameshika sinia lenye mkasi wa kukatia utepe. Nilimwendea.

"Ufunguo."

"Sista, baada ya hotuba."

"Ufunguo!"

Hapo mama mzee akanyamaza katikati ya sentensi yake. Akamgeukia yule bwana na kumgusa sinia kwa fimbo. "Mpe," alisema. Sijawahi kuona ofisi ikifanya kazi haraka namna ile.

Mama Halima alipona. Picha zilionyesha donge mguuni na vipande vyake kwenye pafu. Alikaa nasi majuma mawili, akarudi dukani na vidonge vya kulainisha damu vya miezi kadhaa. Alinitumia kanga, ambayo ilikuwa ya ukubwa wangu hasa. Wafanyabiashara wana macho. Kufuli lilitolewa kabatini siku iliyofuata na halijarudi. Hilo ndilo jambo kubwa zaidi nililofanya katika kazi yangu, na kwenye taarifa rasmi liliandikwa hivi: wageni walionyeshwa igizo la dharura lililoandaliwa na uongozi, wakaridhika.

Kama kazi yangu ingeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia kwenye harusi. Lakini nilibakiwa na mwaka mmoja.

Mwaka huo ndio niliokutana na Stivini. Nimebadilisha jina lake na la mkewe, na soko si hilo nitakalolitaja. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa kwa masharti hayo. Alikuwa karani wa shule, miaka thelathini na minane, mnene kidogo. Alikuja asubuhi ambayo foleni ilifika hadi langoni, kila mtu anakohoa, nami ndiye niliyekuwa napanga nani amwone daktari na nani arudi nyumbani. Oksijeni yake ilikuwa nzuri. Mapafu masafi. Homa kali ya virusi, basi.

"Nenda nyumbani," nilimwambia. "Pumzika kabisa. Usitoke kitandani mpaka upone."

Mkewe, Rispa, alikuwa naye. "Umesikia, baba?" alimwambia. "Kabisa. Sista amesema."

Sikuuliza yale maswali ya dakika moja. Ningeuliza, ningejua kwamba mama yake Stivini alikufa ghafla siku chache baada ya kujifungua kitindamimba, akishika kifua. Dakika ile niliiokoa. Nikaita anayefuata.

Rispa alitekeleza agizo langu kwa uaminifu ambao sijauona kwa muuguzi yeyote niliyemfundisha. Stivini alipotaka kuamka, alimzuia. Siku ya nne, joto limepungua na mume anataka kwenda kuketi nje, alimfungia viatu kabatini. Chai, uji, karai la kunawia, vyote vilifika kitandani. Siku ya tisa jirani aliwaleta kwa gari lake. Stivini hakuweza kumaliza neno. Mapafu yote mawili yalikuwa na madonge.

Tulimwokoa. Sindano zilikuwepo, kabati liko wazi, Daktari Wafula hakusita. Lakini pafu lililozibwa muda mrefu halirudi lote. Leo Stivini akipanda ngazi za orofa moja anasimama katikati kupumua, naye anaishi orofa ya tatu.

Alipopata nafuu aliandika barua. Alishukuru hospitali, na hasa Sista Kalondu, ambaye tangu siku ya kwanza alimwambia apumzike. Kama asingepumzika, aliandika, angekufa. Uongozi uliipenda sana barua ile. Ilitundikwa kwenye ubao pamoja na picha yangu. Nikapewa cheti cha mfanyakazi bora, cha kwanza maishani mwangu, nikapigiwa makofi. Mwenyekiti wa Kamati ya Mwendo wa Wagonjwa ndiye aliyenikabidhi, kwa kumwamuru mgonjwa alale.

Nilikaa na cheti kile siku tatu. Siku ya nne Stivini alikuja kliniki, nikampeleka kwenye benchi la nje, penye jua.

"Stivini, ile barua yako ina kosa."

"La tahajia?" Yeye ni karani.

"Kosa ni langu. Mimi ndiye nilikwambia usitoke kitandani. Na nilijua. Nimewafundisha wengine miaka yote hii. Nilipaswa kukwambia upumzike kazi, lakini uamke kila saa, uzunguke nyumba, unywe maji mengi. Nilipaswa kukuuliza habari za kwenu. Na kukwambia mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata, uje siku hiyo hiyo. Sikufanya. Niko tayari kuliandika na kulitia sahihi."

Alikuwa akipumua, na sasa nilikuwa nasikia kila pumzi.

"Kwa hivyo ningetembea," alisema.

"Ungetembea. Pengine donge lingetokea tu, kwa sababu ya ukoo wako. Lakini ungetembea."

Alitazama viatu vyake. Nilidhani anakasirika, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa naihitaji, nikisema kweli.

"Sista," alisema hatimaye, "andika unachotaka huko ofisini. Lakini mke wangu usimwambie. Yeye ndiye alificha viatu."

Niliandika. Faili liko ofisini, limepigwa muhuri, na ninavyojua hakuna aliyelisoma. Cheti nilikirudisha, wakakirudisha nyumbani kwangu kwa tarishi, wakidhani nimekisahau.

Rispa anauza mboga na matunda pale soko la Jericho. Nikipita huniona kutoka mbali, huacha wateja, hunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Daktari wangu!" huwaambia majirani, ingawa nimemweleza mara nyingi mimi ni muuguzi. "Huyu ndiye alinirudishia mume. Na mimi nilimsaidia. Nilimlinda kitandani kama askari!" Kisha huchagua avokado, moja kubwa iliyoiva vizuri, akaibonyeza kidogo kwa kidole gumba kuhakikisha, akaitia kwenye kikapu changu juu ya vitu vingine.

Naichukua. Namwambia asante, mama.